Kuhama nyumbani kwa wazee na kupanga na mwenzako kwa mshahara wa mkahawa, Unguja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wahudumu, wapishi, waosha vyombo na wahudumu wa baa wanaofanya kazi Mji Mkongwe au kwenye hoteli za shamba, nje ya mji, na wanataka kupanga kwa mara ya kwanza. Hesabu zilizomo ni za mfano. Weka mshahara wako na kodi ya mtaa unaoutaka, kisha piga hesabu upya kwa njia ile ile.

Nitajuaje kama mshahara wangu unatosha?

Usianzie mshahara wa Agosti. Anzia wa masika. Chukua miezi mitatu uliyopokea kidogo kuliko yote katika mwaka uliopita, uijumlishe na ugawe kwa tatu. Hicho ndicho kipato chako cha kupangia nyumba. Bakshishi na mgao wa tozo ya huduma visiingie kabisa humo, kwa sababu vinakuja na wageni na vinaondoka nao.

Tuseme mshahara wa mkononi, baada ya makato ya ZSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar), ni shilingi 320,000. Kwa mwezi, mtu mmoja kati ya wawili waliopanga pamoja anaweza kutumia hivi: kodi 80,000, umeme 10,000, maji na taka 5,000, gesi 10,000, chakula kisicholiwa kazini 90,000, nauli 45,000, simu 15,000, sabuni na vitu vidogo vidogo 15,000, na 30,000 ya kuwapelekea wazee. Jumla ni 300,000, na zinabaki 20,000. Inawezekana, lakini kwa kubana. Ukiwa peke yako katika chumba hicho hicho, kodi inakuwa 160,000 na hesabu inavunjika hapo hapo. Basi ikiwa fungu lako la kodi linazidi robo ya kipato chako cha masika, tafuta chumba kidogo zaidi au subiri.

Fedha ya wazee tumeiweka kwenye hesabu kwa makusudi. Wengi huisahau wanapopanga bajeti, kisha wanaitoa kimya kimya kwenye fungu la kodi.

Nahitaji kianzio cha kiasi gani?

Kikubwa zaidi ya watu wanavyofikiri, maana wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita mbele, na wengine ya mwaka mzima. Chukua chumba na ukumbi cha 160,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 960,000. Dalali kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja, 160,000. Weka pikapu ya kuhamishia 30,000, kitasa kipya na kufuli 25,000, mtungi mdogo wa gesi pamoja na kichwa chake 75,000, na madumu manne ya maji 20,000. Jumla 1,270,000, yaani 635,000 kila mmoja. Godoro, chandarua, shuka na feni kila mtu aje na vyake kutoka nyumbani.

Anayeweka 120,000 kwa mwezi atahitaji zaidi kidogo ya miezi mitano. Anayefanya kazi msimu wa Julai na Agosti na kuziweka bakshishi zote bila kuzigusa hufika mapema zaidi. Upatu wa wenzako wa kazini unasaidia sana hapa, ila omba zamu yako iangukie mwezi unaotaka kuhama, na ulisemee hilo kabla mchezo haujaanza.

Mwenye nyumba atakubali miezi mitatu?

Baadhi hukubali, hasa chumba kikiwa kimekaa kitupu au kikiwa cha uani. Nenda na fedha mkononi na umwambie: "Mzee, tunayo ya miezi mitatu leo, na tarehe kama ya leo baada ya miezi mitatu tutakuletea nyingine." Ahadi yenye tarehe inamtuliza zaidi kuliko kulalamika kwamba kodi ni kubwa. Kumbuka kwamba huyo mwenye nyumba naye pengine anaisubiri fedha hiyo kuezeka au kulipia skuli.

Dalali asilipwe kabla hujakiona chumba kwa macho na kupewa ufunguo. "Fedha ya kuonyeshwa" kubwa, inayodaiwa kabla ya kufika, ni dalili mbaya.

Nihame mwezi gani?

Swali hili haliulizwi vya kutosha, na ndilo linaloamua kama utadumu. Anayelipa miezi sita mbele huwa salama mwezi wa kwanza hadi wa sita. Anayeanguka huanguka mwezi wa saba, pale kodi nzima inapodaiwa tena kwa mpigo. Kwa hiyo kabla ya kuchagua siku ya kuingia, hesabu mwezi wa saba utaangukia wapi katika mwaka wa utalii.

Mwaka wetu unajulikana. Wageni hujaa Julai na Agosti, na tena kuanzia wiki ya mwisho ya Disemba hadi Februari. Masika, kati ya Machi mwishoni na Mei, mvua ni nyingi, hoteli kadhaa za pwani hufunga kabisa, na mikahawa ya mjini hupunguza zamu. Ukiingia nyumba tarehe 1 Novemba kwa miezi sita, kodi ya pili inadaiwa 1 Mei, katikati ya masika, wakati huna hata bakshishi ya nauli. Ukiingia 1 Februari, inayofuata ni 1 Agosti, kisha 1 Februari tena. Zote mbili zinalipwa kwa fedha ya msimu. Kwa malipo ya miezi sita, basi, Februari na Agosti ndizo tarehe bora.

Ukiwa na mkataba wa miezi mitatu huwezi kuyakwepa masika moja kwa moja. Mpangilio wenye nafuu ni Januari, Aprili, Julai na Oktoba, maana kodi ya 1 Aprili unailipa kwa kipato cha Machi, kabla hali haijawa mbaya. Mpangilio wa Februari, Mei, Agosti na Novemba unakupeleka kwenye 1 Mei.

Kuna Ramadhani pia. Mchana mikahawa mingi ya mitaani hufungwa, na ya watalii hubaki na wafanyakazi wachache. Mwezi huo hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2027 unatarajiwa kuingia karibu na tarehe 8 Februari, kutegemea kuandama kwa mwezi. Mwenye mkataba wa Februari katika miaka kama hiyo awe na kodi yote mkononi mwishoni mwa Januari. Asitegemee kuimalizia baadaye, kwa sababu baada ya Ramadhani kuna sikukuu na baada ya sikukuu yanaingia masika.

Njia ya kulifikia hilo ni moja: kila mmoja aweke fungu lake la mwezi ujao, 80,000 katika mfano wetu, siku ile ile anayopokea mshahara, ingawa kodi imeshalipwa na hakuna anayeidai. Wekeni kwenye akaunti ya benki ambayo kadi yake haitembei mfukoni. Akaunti ya simu iko karibu mno na mkono.

Mtaa gani unafaa kwa anayetoka kazini usiku?

Anza na saa unayotoka, halafu ndiyo utazame kodi. Mkahawa wa Shangani au Forodhani unafunga saa 5 usiku, na ukishafagia na kuosha ni saa 6. Daladala za Fuoni, Bububu (namba 502) au Uwanja wa Ndege (namba 505) muda huo zimeshalala. Kinachobaki ni bodaboda. Zidisha nauli yake ya usiku kwa siku 26 za kazi, uijumlishe na kodi, ndipo ulinganishe mitaa. Mara nyingi chumba cha bei rahisi cha Fuoni au Kinuni huwa ghali kuliko kidogo cha Michenzani, Kikwajuni au Miembeni ambako unarudi kwa miguu.

Mkiwa zamu moja, mkahawa mmoja au ya jirani, mnaweza kuelewana na dereva mmoja wa bodaboda au bajaji kwa malipo ya wiki. Hiyo ni sababu nzuri ya kupanga na mtu wa zamu yako.

Kwa wanaofanya kazi Nungwi, Paje au Jambiani, kukaa mjini na kupanda daladala namba 116, 324 au 309 kila siku ni kuumaliza mwili. Ikiwa hoteli inatoa nyumba ya wafanyakazi, ichukue kwanza uweke akiba. Ikiwa haitoi, tafuta chumba kijijini, mbali kidogo na pwani, na umpitie sheha (kiongozi wa serikali wa eneo hilo) kabla ya dalali.

Nikague nini ndani ya chumba?

Nenda mara mbili, mchana na usiku. Mchana tazama kuta chini, kiasi cha urefu wa goti: rangi iliyovimba au mstari wa kahawia ni alama ya maji yaliyowahi kuingia. Mitaa ya bondeni kama Sebleni na pande za Mwanakwerekwe imejulikana kwa mafuriko miaka mingi. Waulize majirani wa kike wa nyumba ya pili, maana ndio huwa nyumbani mvua inapoingia. Uliza pia karo, yaani shimo la maji machafu ya choo, liko wapi. Karo likijaa masika hufurika uani, na hapo ndipo magonjwa ya kuharisha yanapoanzia.

Tazama dari kama ina madoa, fungua bomba uone kama linatoka, vuta maji chooni, na uone kama dirisha lina nondo na wavu. Usiku sikiliza kelele na uitazame njia: taa ipo, mbwa wapo, vichaka vipo? Wewe utaipita saa 6.

Badilisha kitasa siku ya kwanza. Mpangaji aliyetoka anaweza kuwa bado ana ufunguo.

Nimlipe nani hasa?

Hapa watu hupoteza fedha nyingi kwa mara moja. Nyumba nyingi za Ng'ambo, mitaa ya mjini iliyo nje ya Mji Mkongwe, ni za urithi na warithi ni wengi. Unamlipa kaka mkubwa miezi sita, mwezi wa pili anakuja dada mtu kutoka Pemba au Dar es Salaam akisema hajui lolote. Uliza wazi: "Nyumba ni ya nani, na nani amepewa ruhusa ya kukodisha?" Kama ni ya urithi, taka mrithi wa pili aweke saini kama shahidi, au sheha athibitishe kwamba huyo ndiye anayeisimamia.

Mji Mkongwe kuna nyumba za wakfu na za serikali ambazo mwenye kukupangisha ni mpangaji mwenzako. Asipokuwa na ruhusa ya kupangisha tena, mkataba wako naye haukulindi akitolewa yeye. Omba uone karatasi yake.

Mkataba uwe na nini?

Ukurasa mmoja wa Kiswahili unatosha, nakala tatu. Uandike majina yenu *wote wawili* na namba za vitambulisho, kodi ya mwezi kwa tarakimu na kwa maneno, miezi iliyolipwa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na muda wa taarifa kwa kila upande, angalau mwezi mmoja. Uandike nani anatengeneza paa, bomba, waya na karo, nani anatengeneza kitasa, taa na kioo, na namba ya mita ya umeme. Mwisho ziwe saini za mashahidi wawili. Ofisi ya sheha ni mahali pazuri pa kusainia.

Jina la mmoja tu likiwepo, mwingine ni mgeni wake kwa karatasi. Siku mkigombana, mwenye jina ndiye atakayebaki.

Piga picha za chumba kitupu kabla hamjaingiza kitu, na mtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Kila malipo yawe na risiti au ujumbe wa simu.

Kwa sheha ni lazima?

Ndiyo. Sheha ndiye anayeandikisha wanaoingia na kutoka katika shehia yake, na barua yake utaihitaji kwa mengi: benki, kazi, vitambulisho. Beba kitambulisho chako cha Mzanzibari na barua ya sheha wa unakotoka. Ukitoka Bara, beba kitambulisho cha taifa na barua ya mwajiri, naye atakuelekeza usajili wa mkaazi asiyekuwa Mzanzibari. Nendeni wiki ya kwanza, wote wawili, kabla jirani hajakwenda kuuliza nyinyi ni nani.

Mwanamke na mwanamme wasiooana wanaweza kupanga pamoja?

Kwa mitaa yetu, hapana. Mwenye nyumba atataka kuona cheti cha ndoa au kuwajua wazee, na hata akikubali kwa fedha, majirani na sheha watalisimamisha. Ndugu wa damu hawana tatizo, mradi waseme tangu mwanzo.

Mimi ni msichana na wazee hawataki nihame. Nifanyeje?

Usihame kwa ugomvi. Radhi ya wazee ina thamani yake, na pia ndiko utakakorudi masika yakikaza. Mara nyingi wanachoogopa ni vitu vinavyotajika: njia ya usiku, nani unakaa naye, watu watasema nini. Vijibu kimoja kimoja. Mpeleke mama au shangazi akakione chumba na azungumze na mama mwenye nyumba. Wazee wako na wa mwenzako wajuane kwa simu. Chagua nyumba ambayo mwenyewe anaishi humo, au yenye bibi uani. Masharti yatakuwa mengi kidogo, ila wengi huona ndiyo nyumba yenye usalama zaidi. Siku ya kwanza piteni kwa majirani, msalimie, mseme kabisa: "Tunafanya kazi mkahawani, tunarudi usiku, tunaletwa na gari ya kazini." Jambo lililosemwa mapema halina wa kulisemea.

Tukubaliane nini sisi kwa sisi?

Kaeni chini kabla ya kulipa, muandike. Fungu la kila mmoja, na siku ya kuliweka. Nani anashika akaunti, na mwenzake anaonyeshwa salio kila mwezi. Wageni wanaruhusiwa hadi saa ngapi, na ndugu akija kulala ni siku ngapi. Muziki na taa anapolala aliyetoka zamu ya usiku. Sala ya alfajiri na saa ya kengele ya simu. Usafi wa choo uwe kwa zamu za wiki, kwa sababu wa siku husahaulika.

Vitu vya nyumba msichangie nusu kwa nusu. Mmoja anunue jiko na mtungi, mwingine anunue friji ndogo au meza, kwa thamani inayokaribiana. Siku ya kuachana kila mtu anachukua chake, na hakuna friji ya kukatwa katikati.

Mkahawa ukikupa chakula, kiheshimu kama sehemu ya mshahara wako, lakini msikitegemee mpaka mkasahau siku ya mapumziko. Nusu kilo ya mchele, mchuzi na mboga huwatosha wawili kwa mlo mmoja mzuri.

Umeme tugawane vipi?

Mita za Tukuza za ZECO (shirika la umeme la Zanzibar) hulipiwa kabla, na nyumba nyingi zina mita moja kwa wapangaji watatu au wanne. Kabla hamjalipa kodi, nunueni umeme wa fedha kidogo kwa namba ya mita hiyo. Uniti zikija chache kuliko kawaida, mita ina deni la zamani, na mwenye nyumba alimalize kwanza.

Mgawanyo wa vichwa huleta ugomvi, maana matumizi hayalingani. Hesabuni vyombo. Feni ya wati 60 kwa saa 10 inakula uniti 0.6, yaani 18 kwa mwezi. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa ni uniti 0.5. Friji ndogo kuukuu hufika uniti moja au zaidi kwa siku. Jiko la koili la wati 1,500 likiwashwa saa mbili linakula uniti 3 kwa siku, 90 kwa mwezi, kuliko vyote vilivyotajwa kwa pamoja. Nyumba yenye mita moja msitumie jiko la koili. Mkiweza, mwombeni mwenye nyumba aruhusu fundi afunge mita ndogo ya chumba chenu.

Na maji?

Wawili hutumia madumu matatu hadi manne ya lita 20 kwa siku. Uliza maji ya ZAWA (mamlaka ya maji ya Zanzibar) hutoka siku gani na saa ngapi. Yakitoka saa 8 usiku, nani atayakinga? Maji ya kisima cha karibu na pwani huwa na chumvi, ni ya kuoshea tu. Ya kunywa yachemsheni.

Gesi au mkaa?

Gesi, kama chumba kina dirisha la kufunguka. Mtungi wa kilo 6 wenye kichwa cha kuwashia juu yake hutoa takriban saa 24 hadi 40 za moto, kutegemea ukali. Mkipika saa moja kwa siku, hukaribia mwezi. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio; likitoa mapovu, gesi inavuja, kaza au rudisha. Mkaa usipikiwe ndani ya chumba cha kulala hata mvua ikinyesha: moshi wake usioonekana huua watu usingizini.

Masika yamefika na nimepunguziwa siku za kazi. Nini kwanza?

Mwenye mshahara wa 320,000 akikatwa nusu anapungukiwa takriban 140,000 kwa mwezi kwenye bajeti ile ya juu. Kwa miezi miwili ni 280,000. Hiyo ndiyo akiba ya masika, tofauti na fungu la kodi, na bakshishi za Januari ndizo za kuijaza. Kama hukuijaza, mwambie mwenzako wiki ile ile uliyoambiwa kazini, usisubiri tarehe ya kulipa. Kisha muulize mwajiri kwa maandishi: ni likizo yenye malipo, isiyo na malipo, au mkataba umekwisha? Majibu hayo matatu yana haki tofauti, na ofisi ya kazi haiwezi kukusaidia bila karatasi. Fungu la kodi liguswe mwisho kabisa, baada ya nauli, simu na nguo.

Mwenzangu anahama kabla ya muda. Nani anabeba kodi yake?

Kama mmelipa miezi sita na anaondoka baada ya minne, fungu lake lililobaki ni 160,000. Utaratibu wa haki, na uandikwe tangu mwanzo, ni huu: atoe taarifa ya mwezi mmoja, alete mtu ambaye wewe na mwenye nyumba mtamkubali, na huyo mpya amlipe yeye hiyo 160,000. Asipopatikana mtu, fedha inabaki kwenye chumba. Ukimfukuza wewe bila sababu iliyoandikwa, mrudishie. Akiondoka achukue vitu vyake vyote siku hiyo hiyo, arudishe ufunguo, na jina lake lifutwe kwenye mkataba na kwa sheha, mpya aandikwe.

Kodi inaweza kupandishwa katikati ya mkataba?

Haipaswi, kama miezi na kiasi vimeandikwa na mmeshalipa. Onyesha karatasi kwa upole, na akishikilia, mwende naye kwa sheha. Mkataba ukikaribia mwisho, mfuateni nyinyi mwezi mmoja kabla, mkiwa na fedha ya kuonyesha, na mwombe kiasi kile kile kwa kipindi kijacho.